Kipupwe cha Ufipa: Mvuvi ajiandae vipi kabla ya kushuka ziwani?

INAPOFIKA Juni, wakazi wa Malangali, mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, huianza siku wakiwa wamejifunika makoti na mashuka mazito. Upepo mkavu huvuma kutoka kusini-mashariki, na jiko la mkaa huwa rafiki wa kila nyumba hadi jua linapopanda.

Msimu huo huo wa baridi ndio ambao baadhi ya watu wa uwanda wa juu wa Ufipa hufunga mizigo na kuteremka Ziwa Tanganyika. Wapo wanaokwenda kuvua, wapo wanaokwenda kufanya kibarua katika mitumbwi ya wengine, na wapo wanaofuata migebuka na dagaa wa kupandisha sokoni Sumbawanga.

Kwa mlaji wa mjini, samaki huyo huonekana akiwa tayari juu ya meza ya muuzaji. Ni wachache wanaojiuliza mvuvi alijiandaa vipi kabla ya kuingia majini usiku wa kipupwe, na ni kipi kinachotenganisha safari yenye heri na ile inayoishia kwenye msiba.

Katika nchi za barafu, swali hilo lina jibu la wazi. Ziwa Baikal la Urusi, ambalo ndilo lenye kina kirefu kuliko yote duniani kwa mita 1,642, huganda kwa miezi kadhaa kila mwaka. Wavuvi wake hutembea juu ya barafu, huitoboa na kuteremsha ndoana tunduni.

Kabla ya kuikanyaga barafu hiyo, mvuvi huipima. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi za baridi ni kwamba barafu safi na ngumu isiyopungua unene wa sentimita 10 ndiyo inayoweza kumbeba mtu anayetembea kwa miguu. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, hurudi nyumbani.

Ziwa Tanganyika ni la pili kwa kina duniani, likiwa na mita zipatazo 1,470, lakini haligandi kamwe. Hatari yake haina unene unaoweza kupimwa kwa rula. Kwa sababu hiyo, mvuvi wa Ufipa hana kipimo kingine zaidi ya maandalizi yake mwenyewe.

Joto linalodanganya

Kosa la kwanza huanzia njiani. Sumbawanga ipo juu kwa takriban mita 1,000 kuliko uso wa Ziwa Tanganyika, ambao uko mita 773 hivi kutoka usawa wa bahari. Anayeteremka kupitia Matai hadi Kasanga, wilayani Kalambo, au kupitia Namanyere hadi Kirando na Kipili, wilayani Nkasi, huhisi joto likiongezeka kadiri barabara inavyoshuka.

Afikapo mwaloni mchana, huvua koti na kujiona mjinga kwa kulibeba. Wengine huliacha kabisa nyumbani, kwa kuamini kwamba baridi ni ya mlimani na ziwani ni joto.

Usiku hali hubadilika. Mvuvi hukaa saa nyingi bila kutembea, nguo zake zikiwa zimelowa kwa maji ya wavu na mawimbi, huku upepo ukimpiga pande zote. Upepo huo huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa, na nguo iliyolowa huongeza kasi hiyo.

Maji yenyewe ya juu ya ziwa huwa na joto la kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi kwa kawaida. Namba hiyo huonekana kubwa, lakini mwili wa binadamu una nyuzi 37, na maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayokadiriwa kuwa mara 25 ya hewa. Anayetumbukia na kukaa humo saa kadhaa hupoteza nguvu za mikono, kisha fahamu, hata kama hakuna barafu inayoonekana popote.

Kwa nini watu waende wakati huo?

Jibu lipo katika upepo huo huo unaotisha. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa, na husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini.

Maji hayo yanapoondoka upande wa kusini, maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Hubeba virutubisho vilivyokuwa vimezama, navyo hulisha vimelea vidogo vya majini ambavyo ni chakula cha dagaa. Dagaa wanapoongezeka, migebuka huwafuata.

Bila msukosuko huo, sehemu kubwa ya ziwa ingebaki kama ghala lililofungwa. Tabaka la chini halina hewa ya oksijeni, hivyo samaki huishi katika sehemu ya juu tu, na chakula kinachozama hakirudi mpaka upepo ukorofishe maji.

Kwa maneno mengine, upepo unaozamisha mitumbwi ndio unaoleta samaki. Mvuvi hawezi kuuombea utulie msimu mzima. Anachoweza ni kujua siku ya kuingia na siku ya kukaa nchi kavu.

Kwanza, je, ziwa limefunguliwa?

Maandalizi ya siku hizi hayaanzi na nyavu, bali na taarifa. Desemba 2021, nchi nne zinazolimiliki ziwa hilo, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilifikia makubaliano mjini Lusaka kuhusu usimamizi endelevu wa uvuvi, yakiwamo ya kupumzisha shughuli hizo kwa kipindi maalumu.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana na kukua. Kipindi hicho kiliangukia katikati ya kipupwe.

Anayepanga safari kutoka Malangali anapaswa basi kuuliza mapema kwa ofisa uvuvi wa wilaya anayokwenda, kabla ya kukopa nauli wala kununua mafuta. Kufika Kasanga na kukuta ziwa limefungwa ni hasara. Kuingia majini kwa siri ni kosa linaloweza kumpotezea mtu chombo na zana zake.

Aidha, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inamtaka mvuvi awe na leseni, na chombo chake kiwe kimesajiliwa na kupewa leseni yake. Makokoro na nyavu za timba ni zana haramu, na hakuna kisingizio cha ugeni kinachokubalika.

Kalenda ya mwezi

Baada ya sheria, mvuvi hutazama mwezi. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa sababu taa huwashwa juu ya maji ili kuwavuta dagaa waje karibu na wavu.

Mbalamwezi inapokuwa kali, nuru ya taa hupungua nguvu na dagaa hutawanyika. Ndiyo maana wavuvi wengi hupumzika siku zinazozunguka mwezi mpevu na kurejea kazini giza linapoanza. Anayefika mwaloni wakati wa mbalamwezi hula akiba yake bila kuvua.

Siku hizo za mapumziko, hata hivyo, si za kulala. Ndizo zinazotumika kushona nyavu zilizoraruka, kukagua vyelezo na chubwi, na kukalafati mitumbwi inayovuja. Ufa unaoingiza maji kidogo ghubani huwa mkubwa mbao zinapopigwa na mawimbi ya kusi.

Mashine nayo hukaguliwa: plagi, mpira wa mafuta, kamba ya kuwashia na pangaboi. Mafuta hupimwa ya kwenda, ya kurudi, na ya akiba kwa ajili ya kurudi dhidi ya upepo, kwani mashine inayopambana na mawimbi hunywa zaidi. Makasia hubebwa hata kama mashine ni mpya.

Kwa upande wa taa, karabai zilizotumika kwa miongo mingi zimekuwa zikiachia nafasi taa za betri na za umeme wa jua. Taa hizo hazizimwi na upepo kwa urahisi, lakini betri yake lazima ichajiwe na kufungwa mahali isipofikiwa na maji.

Nguo, chakula na malazi

Wataalamu wa nchi za baridi husisitiza kuvaa nguo kadhaa nyepesi badala ya moja nzito, na ushauri huo unafaa Ufipa pia. Hewa inayobaki kati ya nguo moja na nyingine ndiyo inayohifadhi joto.

Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa kuwa pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza aliyeivaa. Sweta la sufu au la nyuzi za viwandani huhifadhi joto hata likiwa na unyevu. Juu yake huvaliwa koti la mvua, ambalo kazi yake kubwa usiku huo si kuzuia mvua, kwani ni kiangazi, bali kuzuia upepo na maji ya mawimbi.

Kofia ya kufunika masikio isisahauliwe. Seti moja ya nguo kavu iwekwe ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, na isiguswe mpaka itakapohitajika kweli.

Chakula nacho ni sehemu ya joto. Mwili hauwezi kuchemka bila kuni, na kuni zake ni ugali, maharage, uji na chai yenye sukari. Chupa ya chai ya moto ni zana ya kazi kama ilivyo kasia.

Kinyume chake ni pombe. Wapo wanaoamini kwamba gongo humpasha mtu joto, na kweli anayeinywa huhisi ngozi ikiwaka. Hali hiyo hutokana na mishipa ya damu ya ngozi kupanuka, na matokeo yake ni kwamba joto la ndani hutoka nje kwa kasi zaidi. Mlevi hupoa haraka, na hachelewi kuanguka majini.

Kambini kuna hatari nyingine isiyosikika. Kulala na jiko la mkaa linalowaka ndani ya chumba au hema lililofungwa kumegharimu maisha ya watu wengi mahali pengi, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Jiko liachwe nje, hata baridi iwe kali kiasi gani.

Mtu wa uwanda wa juu akumbuke pia kwamba mwambao una mbu wengi kuliko kwao. Chandarua chenye dawa kinapaswa kuwamo mzigoni, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Jaketi la kuokolea maisha

Hakuna kifaa kinachodharauliwa kama jaketi la kuokolea maisha. Husemwa kuwa linabana, linazuia kuvuta wavu, au kwamba anayejua kuogelea halihitaji.

Hoja ya kuogelea haisimami. Mtumbwi ukipinduka usiku, mbali na nchi kavu, ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, na mikono iliyopoa haiogelei. Jaketi humshikilia mtu juu ya maji hata anapokuwa ameishiwa nguvu. Lakini lazima liwe limevaliwa. Likiwa limekaliwa au limefungwa chini ya nyavu, halina msaada.

Ajali ikitokea, kanuni ya kwanza ni kubaki na chombo. Mtumbwi wa mbao uliopinduka kwa kawaida huendelea kuelea, na huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu mmoja. Walio majini wakusanyike, wakumbatiane na kukunja magoti ili kutunza joto.

Aliyeokolewa avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe blanketi na kukingwa na upepo. Akiwa na fahamu zake apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asisuguliwe kwa nguvu mikono na miguu, asisogezwe karibu mno na moto, na asipewe pombe; kisha apelekwe kituo cha afya.

Neno linaloachwa nchi kavu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa watumiaji wa bahari na maziwa, na taarifa hizo hufika kwa redio na simu. Nahodha makini huzisikiliza kabla ya kushusha chombo, kisha huongeza anachokiona mwenyewe.

Ghuba iliyokingwa na milima inaweza kutulia kama bakuli la maji, ilhali nje ya rasi mawimbi yameshapanda. Wanaorudi kutoka huko ndio wenye habari ya kweli, na kuwauliza si woga.

Kabla ya kuondoka, majina ya wote waliomo chomboni, upande wanaoelekea na saa wanayotarajia kurudi yaachwe kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo, kinachojulikana kwa kifupi kama BMU. Simu ichajiwe na kufungwa ndani ya kitu kisichopitisha maji. Bila hivyo, msako huanza wakati umeshapita.

Wanaoelekea Ziwa Rukwa, upande wa pili wa Ufipa, nao hawana nafuu. Ziwa hilo halina kina kirefu, na upepo huinua humo mawimbi mafupi yanayofuatana kwa karibu. Zaidi ya hayo, mamba na viboko ni wakazi wake wa siku zote.

Deni linaposukuma mtumbwi

Yote hayo yanafahamika kwa wavuvi wengi. Kinachowafanya wayavunje si ujinga, bali hesabu.

Kwa kawaida gharama za mafuta na chakula hutolewa kwanza katika mauzo, na kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wafanyakazi wake. Mtumbwi ukirudi mtupu, mafuta yameshaungua na deni limebaki. Usiku wa pili wenye upepo mbaya, mtu mwenye deni huona mawimbi kuwa madogo kuliko yalivyo.

Hesabu hiyo inazidi kuwa ngumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa ongezeko la joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya ziwa hilo, na kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi cha samaki ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Watafiti hao walikadiria kwamba upungufu huo ungeweza kushusha mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi.

Samaki wakipungua, mvuvi hulazimika kwenda mbali zaidi na kukaa majini muda mrefu zaidi, katika msimu ule ule wa upepo. Kwa hiyo maandalizi yanapaswa kujumuisha fedha pia: akiba ya siku tatu au nne za kukaa bila kuvua, iliyotengwa kabla ya kuondoka nyumbani, na makubaliano ya wazi na mwenye chombo kwamba nahodha akisema leo hatuingii, hakuna atakayekatwa wala kufukuzwa.

Akiba hiyo ndogo ndiyo inayompa mtu uwezo wa kusema hapana. Kwa mvuvi wa Baikal, unene wa barafu ndio unaoamua kama siku hiyo ataingia au atarudi. Kwa kijana wa Malangali aliyesimama mwaloni Kasanga saa 12 jioni, huku kusi ikivuma na wenzake wakiwasha mashine, uamuzi huo ni wake, na familia inayomsubiri juu ya mlima itaupokea matokeo yake asubuhi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa anayeshuka ziwani wakati wa kipupwe, ufa huo huzibwa Malangali, siku kadhaa kabla ya safari: kwa kuuliza kama ziwa limefunguliwa, kuhesabu siku za giza, kukunja sweta, kutenga akiba, na kumwambia mtu mmoja nyumbani siku ya kurudi.